Kutoumwa Si Uzima

Nimefika umri ambao mazungumzo ya barazani huanza na mpira yakaishia kwenye presha. Tukifika hapo, hakosi mmoja wa kusema: "Mimi sijambo, siumwi popote." Kauli hiyo hunitia wasiwasi tangu niliposoma habari za Ötzi.

Hilo ni jina alilopewa mtu ambaye maiti yake ilikutwa mwaka 1991 imeganda kwenye barafu ya milimani, mpakani mwa Italia na Austria. Aliishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, akafa akiwa na miaka 45 hivi. Hakujua sigara wala soda, na milima aliipanda kwa miguu. Lakini picha za CT zilionyesha kalsiamu kwenye mishipa yake, hata karibu na moyo, na vinasaba vyake vikaonyesha kwamba alizaliwa na mwelekeo wa kupata maradhi ya moyo. Kilichomuua ni mshale uliomwingia begani kwa nyuma.

Wengi hudhani kalsiamu hujikusanya mishipani kama ukoko kwenye birika, na wengine huacha maziwa kwa hofu hiyo. Sivyo. Kwanza ukuta wa mshipa huchubuliwa na presha, moshi wa sigara au sukari iliyozidi kwenye damu. Lehemu mbaya hupenya na kujikita humo, chembe nyeupe za damu huivamia, na vita hiyo huendelea miaka na miaka. Kalsiamu hutuama pale penye jeraha. Ni kovu la mwili uliokuwa ukijitibu mwenyewe, na mwenye nao hana habari.

Hatari ni kwamba ukuta hukakamaa na njia ya damu huweza kuwa nyembamba. Utando wa mafuta unaojengeka hapo ukipasuka, damu huganda ghafla na msuli wa moyo hukosa hewa. Na kwa kuwa utando laini, ambao bado hauna kalsiamu, nao hupasuka, aliyepimwa kalsiamu ya mishipa ya moyo kwa CT akakutwa na sifuri hajapewa ruhusa ya kuvuta sigara.

Kipimo hicho cha kalsiamu kina jina la daktari Mmarekani, Arthur Agatston, aliyekieleza pamoja na wenzake mwaka 1990. Alama zikipita 400, hatari ni kubwa, na aghalabu zikishapanda hazishuki. Dawa za kupunguza lehemu huweza hata kuzipandisha kidogo, ilhali zinapunguza mishtuko ya moyo kwa sababu huufanya utando uwe imara. Hapo nimejifunza kutoidharau tiba kwa kuwa tu haifuti yaliyopita.

Isitoshe, urithi si hukumu. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya Watsimane 705 wa misitu ya Bolivia, watu wanaolima, kuvua na kuwinda. Asilimia 85 hawakuwa na kalsiamu yoyote kwenye mishipa ya moyo. Wazazi hatuwachagui, lakini mwendo wa maisha kwa sehemu kubwa ni wetu.

Ndugu msomaji, katika ugonjwa huu maumivu huja mwisho, na kwa wengine huja mara moja tu. Usingoje kifua kibane. Kapime presha, sukari na lehemu. Kama baba au kaka yako aliugua moyo angali kijana, mwambie daktari, naye ataamua kama unahitaji picha ya CT. Na kama unavuta sigara, acha leo.