Karani Alitaka Avoka

Mama mmoja mzee, jirani yetu hapa Bunia, alikuwa na kesi ya kiwanja. Alikimbia vita mnamo 2003, na aliporudi alikuta mtu mwingine amekwisha jenga nyumba juu ya msingi wa marehemu mume wake. Mama huyu hakusoma. Kifaransa hakijui, isipokuwa yale maneno machache yaliyoingia katika Kiswahili chetu kwa njia ya soko. Basi alikwenda ofisini kueleza shida yake. Karani akamsikiliza kidogo, akafunga daftari, akamwambia: "Mama, kesi hii inataka avoka. Urudi Jumatatu pamoja na avoka."

Jumatatu mama aliamka mapema, akachuma avoka za mti ulio nyuma ya nyumba ya binti yake, akachagua zilizoiva vema, akajaza kikapu, akaenda.

Msicheke upesi. Mama huyu si mpumbavu. Katika nchi yetu kila mtu ajua kwamba mwenye ofisi asiyependa kutaja rushwa kwa jina lake husema "maharagi ya watoto". Huko Kinshasa husema kwa Lingala, "madesu ya bana". Hayo si maharagi, na watoto hawayaoni. Mtu aliyezoea kuombwa maharagi ambayo ni franka, kwa nini asifurahi akiombwa avoka? Yeye mwenyewe aliniambia: "Nilimshukuru Mungu, mwanangu. Nilisema, karani huyu ana huruma, ataka tunda tu."

Avoka zililiwa. Kesi iliahirishwa, kwa kuwa mlalamikaji hakuja na wakili.

Kumbe kosa hili ni la zamani sana, wala halikuanzia kwa mama yetu. Wenyeji wa Meksiko waliliita tunda hilo ahuacatl. Wahispania waliona taabu kulitamka, wakalisogeza jina mpaka likafanana na neno lao la mwanasheria. Wafaransa wakalipokea hivyo hivyo, nasi tukalipata kutoka kwa Wabelgiji. Basi tangu hapo tunda na wakili wamekuwa na jina moja, ingawa bei zao si moja.

Tangu siku ile siwezi kupita sokoni bila kuyachunguza majina. Tazameni mahindi. Jina lasema yametoka Uhindi. Wafaransa wa zamani walisema ni ngano ya Uturuki, na Waitalia hata leo husema granoturco. Waturuki nao? Wao huyaita mısır, yaani Misri. Kila taifa lamsingizia jirani yake! Nyumbani kwa mahindi ni Meksiko, na hakuna Mzungu wala Mturuki aliyeyajua kabla ya safari ya Columbus mnamo 1492. Viazi vya Ulaya vinavyoshuka kwa magunia kutoka milima ya Djugu si vya Ulaya. Wazungu walivikuta kwa watu wa milima ya Peru. Na mtu akitoka Kivu hutuletea lile tunda jekundu lenye mbegu nyingi, "prune du Japon". Si prune, wala si la Japani. Ni ndugu ya nyanya, nalo lilizaliwa milima ile ile ya Amerika ya Kusini.

Samaki mkubwa wa ziwa Albert, apandishwaye kutoka Kasenyi na Tchomia, twamwita capitaine. Ng'ambo, kwa Waganda, ni mputa tu, hana cheo. Wakati wa vita nyumbani tulishusha sauti tukisema, "Leo tumekula capitaine," maana wenye bunduki walikuwa wakipita njiani, na si wote waliopenda mzaha.

Marakuja nayo hupotosha vijana wa shule. Kwa Kifaransa huitwa fruit de la passion, nao huchekeana wakidhani ni tunda la mapenzi. Sivyo. Hapa passion ni Mateso ya Bwana wetu. Wamisionari wa kwanza huko Amerika ya Kusini walilitazama ua lake, wakalifanya somo: zile nyuzi za duara ni taji la miiba, vile vitatu vya juu ni misumari, vitano vya chini yake ni madonda matano. Giacomo Bosio alilieleza hivyo katika kitabu chake juu ya Msalaba kilichotolewa mnamo 1610. Majani kumi ya ua yalihesabiwa kuwa Mitume, bila Yuda aliyemsaliti Bwana na bila Petro aliyemkana. Kumtoa Petro naona ni ukali mno. Yeye alilia, akasamehewa. Lakini mtu akiwa na ua mkononi na watoto mbele yake, somo lipo tayari.

Chakula kinachonifikirisha zaidi ni muhogo. Jina lake halimdanganyi mtu, lakini sisi tumedanganyika bila jina. Twauita chakula cha mababu. Kumbe Wareno waliutoa Brazil, wakaufikisha kwenye mlango wa mto Kongo katika karne ya 16, nao ukapita mkono kwa mkono mpaka ukafika kwetu. Bugali wetu na sombe yetu ni wageni. Hakuna aliyeuomba muhogo karatasi. Ulipandwa, ukaota, watu wakashiba, ukawa mwenyeji.

Nayaandika haya kwa uchungu, kwa sababu hapa Ituri, katika vita vya 1999 mpaka 2003, na tena tangu mwisho wa 2017, neno "mgeni" limewatoa watu mashambani mwao na limewaua wengi. Nimeketi kambini na watu waliokimbia, wa upande huu na wa upande ule, na katika kila sufuria ulipikwa bugali ule ule wa muhogo. Tena yule mtu aliyejenga juu ya msingi wa jirani yetu, alipoulizwa ana haki gani, alijibu kwamba mama yule ni mtu wa kuja tu. Mama amezaa watoto saba katika kiwanja hicho, na wawili amewazika Bunia.

Sasa amepata wakili wa kweli, kwa msaada wa Wakristo wa jumuiya yake. Kesi haijakwisha. Huku akingoja, anauza avoka kando ya njia ya kanisa. Siku moja aliniuliza kama tunda lake lina jina jingine, kwa maana hilo la kwanza limekwisha mwudhi. Nikamwambia kwamba huko Tanzania huitwa parachichi. Akalirudia mara mbili tatu mpaka likakaa kinywani.

Jumapili iliyopita, watu walipotoka Misa ya pili, nilimsikia akiita kwa sauti: "Parachichi! Parachichi!" Watu walisimama, wakaliuliza kama ni tunda jipya kutoka nchi za nje, na wengine waliongeza franka bila kuombwa.