Neno la Asiyekinai: Ritongo la Nyumbani na Mahakama ya Hamburg

Nilipokuwa mtoto Nyamongo, katika ritongo, yaani baraza la wazee la kwetu, lililoitishwa kwa ajili ya ng'ombe walioibwa, baada ya wazee kunena kwa zamu tangu asubuhi mpaka maneno yao yakawa neno moja, mzee mmoja aliinuka, akaegemea fimbo yake, akasema, "Mimi sijakinai," kisha akaketi. Wala hakuna aliyeiandika hoja yake, na mimi hata leo siijui.

Huku Hamburg ninakoishi, kando ya mto Elbe, ipo Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, yenye majaji 21, ambayo miongoni mwa majaji wake wa kwanza, tangu 1996 hadi 1999, alikuwamo Joseph Sinde Warioba, mzaliwa wa Bunda katika mkoa wetu wa Mara, aliyekwisha kuwa Mwanasheria Mkuu na Waziri Mkuu wa Tanzania. Tarehe 1 Julai 1999, katika shauri la Saiga, meli ya mafuta iliyokamatwa na Guinea mwezi wa Oktoba 1997, majaji 18 waliipa haki Saint Vincent na Grenadines, ambayo meli ilipeperusha bendera yake, na wawili, Warioba na Ndiaye wa Senegali, wakakhitalifu nao. Warioba alishikilia kwamba hati ya muda ya usajili ilikwisha tarehe 12 Septemba, kabla meli haijakamatwa, na kwa hiyo utaifa wake haukuthibiti. Alizidiwa kwa idadi, walakini rai yake ilichapwa pamoja na hukumu, kwa jina lake, nami nimeisoma.

Hata aliporejea nyumbani hakuiacha tabia hiyo ya kuandika sababu: tarehe 18 Machi 2014, akiwa mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, aliwasilisha Dodoma rasimu ya katiba ya shirikisho lenye serikali tatu, na ijapokuwa Bunge Maalumu lilirejea kwenye serikali mbili, sababu za Tume zilikwisha kuandikwa.

Sisemi ritongo livunjwe, maana lina fadhila ambayo mahakama za ughaibuni aghalabu hazina, nayo ni kuwarudisha mahasimu nyumbani wakiwa majirani. Ila natamani kijana mwenye daftari aketi karibu na wazee, ili siku mmoja wao atakaposema hajakinai, aulizwe kwa nini, na jawabu lake liandikwe kabla hajaketi.