Kukuza Picha kwa Miraba

Watu wengi hudhani kwamba kuchora picha kubwa kwataka mkono wa fundi. Sivyo, kwataka subira na hesabu. Mafundi wa Misri ya kale walipiga miraba kwa rangi nyekundu ukutani kabla ya kuchora, nasi tuliifuata njia hiyo tulipowachorea watoto wetu pwani ya Tanga kwa chaki, juu ya sakafu ya saruji mbele ya shule.

Katika ramani ya kitabu sentimita 1 ilikuwa kilometa 10. Tuliipiga miraba ya sentimita 1 kwa penseli, tukaandika herufi juu na tarakimu ubavuni. Kisha sakafuni tukapiga miraba ya sentimita 50, idadi ile ile. Pembe tulizipata kwa kamba ya meta 3, 4 na 5, kama wafanyavyo waashi. Kila mtoto akapewa safu yake, achore yale tu aliyoyaona katika miraba midogo.

Jioni Pemba ilikuwa imelala baharini mahali pake, na mto Pangani umeifikia bahari. Lakini tulipopima toka Tanga hata Pangani, pwani ilizidi kwa sentimita 10. Safu ya katikati ilichorwa na mtoto mmoja ambaye asubuhi alichelewa. Tukamkaripia mbele ya wenzake kwamba ni mzembe.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, naomba rula." Akapima, si sakafu, bali kitabu. Safu ile, tuliyoipiga sisi wenyewe usiku kwa taa, ilikuwa na kimo cha milimeta 8 badala ya 10. Milimeta 2 zile, zilipokuzwa mara 50, zilizaa kilometa 2 za pwani ambazo Mungu hakuziumba.

Tuliona haya. Tukawakusanya watoto wote, tukamwomba radhi mwenzao pale pale tulipomkaripia. Kesho yake tukafuta toka safu ile hata chini, tukaanza upya. Tuliogopa kwamba heshima yetu itapungua. Kumbe toka siku ile watoto waliacha kutuficha makosa yao.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka kukuza picha, kagua kwanza ile ndogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukiona ya kuwa ufa ni wako, useme pale pale ulipomlaumu mwingine.