Muhogo Uliofichwa Mgeni: Safari ya Kerala, Kusini mwa India

Mtu atokaye Afrika Mashariki akashuka katika Jimbo la Kerala, kusini magharibi mwa India, haoni ugeni mwingi mbele ya macho yake. Huona minazi, migomba, mifenesi na mipapai iliyoota katika udongo mwekundu kama wa kwetu. Wala si ajabu, kwani bahari iliyo baina yetu ni moja. Mwaka 1498 Vasco da Gama alitweka tanga kutoka Malindi, akiongozwa na rubani aliyempata huko, akatia nanga karibu na Calicut katika pwani hiyohiyo. Kabla yake na baada yake majahazi yamekwenda na kurudi kwa pepo za msimu.

Mimi nilifika huko mwezi Januari, wakati wa kiangazi, kwa mwaliko wa kijana mmoja niliyesoma naye katika mji wa Chennai. Tulipanda gari moshi jioni, tukasafiri usiku kucha, na siku ya pili tukashuka Kottayam. Hapo tukapanda basi lililotupeleka mashariki, kwenye vilima vya mipira, hata tukafika nyumbani kwao. Baba yake alikuwa askari mstaafu wa Jeshi la India, aishiye kwa pensheni na shamba dogo. Mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Ammachi, alitupokea mlangoni. Nami aliniita «mone», yaani mwanangu, tangu saa ile hata siku niliyoondoka.

Maisha ya Kijiji

Kijiji cha Kerala hakina nyumba zilizosongamana. Kila nyumba imesimama katika kiunga chake, na aghalabu ina kisima chake chenye kamba na ndoo. Katika kiunga kimoja utakuta minazi, migomba, magimbi na mpilipili manga uliopanda juu ya shina la mti mwingine. Hapana shubiri ya ardhi iliyoachwa bure.

Kazi huanza mapema. Wachanjaji wa mipira hutoka kabla ya jua kuchomoza, wakiwa na taa zilizofungwa kichwani, kwa kuwa utomvu hutiririka vyema wakati wa ubaridi. Baadaye huja mchuuzi wa samaki akipiga honi njiani, na akina mama hutoka na mabakuli. Wazee nao huenda katika kibanda cha chai, ambako gazeti moja husomwa na watu wengi, na habari zake hujadiliwa kwa sauti kubwa. Ni jimbo la wasomaji. Mwezi Aprili mwaka 1991 Kerala ilitangazwa kuwa imewafikisha watu wake wote kwenye kisomo.

Jambo moja la adabu lilinipendeza sana. Wanaume wengi huvaa shuka nyeupe iitwayo «mundu», na wakiwa kazini huikunja hadi magotini. Lakini akipita mzee au mtu wa kuheshimiwa, kijana huishusha shuka mara moja ifike kwenye vifundo vya miguu, kisha ndipo husalimu.

Jioni, familia ile, ambayo ni ya Wakristo wa kale wa nchi hiyo, hukusanyika kwa sala. Baada ya sala ndipo hula.

Siku Mbili za Wali

Siku mbili za kwanza nilikirimiwa kama mkubwa. Nilitandikiwa jani la mgomba, nikapakuliwa wali wa punje nene zenye wekundu, kuku wa kukaanga, nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa vipande vya nazi, na mboga za namna tatu. Asubuhi nililetewa «puttu», unga wa mchele uliochanganywa na nazi na kupikwa kwa mvuke ndani ya kibomba, ambacho zamani kilikuwa kipande cha mwanzi. Nilikula peke yangu pamoja na rafiki yangu na baba yake. Ammachi na binti yake hawakuketi nasi. Nilidhani ni desturi.

Alfajiri ya siku ya tatu niliamka mapema, nikaenda kisimani kunawa uso. Nilipopita karibu na mlango wa jikoni nilinusa harufu ambayo ningeitambua hata gizani. Nikachungulia. Ammachi na binti yake walikuwa wameketi chini, mbele yao sahani ya muhogo wa kuchemsha, kitunguu na pilipili vilivyotwangwa kwa chumvi na mafuta ya nazi, na kahawa isiyotiwa maziwa. Ammachi aliponiona aliifunika sahani kwa upindo wa nguo yake.

Rafiki yangu alikuja mbio kunitaka radhi. Akasema kwamba hicho si chakula cha mgeni aliyetoka mbali, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwagiza mama yake apike wali na nyama, kwa sababu nilipokuwa chuoni aliniuliza kwetu tunakula nini, nami nilimjibu: wali na nyama.

Ndugu wasomaji, ni kweli nilijibu hivyo. Nilimtajia chakula cha sikukuu. Sikumwambia kwamba nimelelewa kwa muhogo. Sikumwambia kwamba mgeni alipobisha hodi kwetu, mama alikisukuma chungu cha muhogo nyuma ya mlango, akanituma dukani kukopa kilo moja ya mchele. Na deni hilo lilipolipwa, lingine lilikuwa limekwisha kuandikwa. Sasa mama mwingine, ng'ambo ya bahari, alikuwa akinunua kuku na nyama kila siku kwa pensheni ya askari, naye akila muhogo kwa kujificha, kwa ajili ya neno langu moja la majivuno.

Nikaketi chini, nikamwomba rafiki yangu anifasirie. Nikasema, «Ammachi, hiki ndicho chakula cha mama yangu.» Alinitazama kwa muda, kisha akaifunua sahani.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa kisu cha kumenyea.

Habari za Muhogo wa Huko

Mzee mwenye nyumba alinieleza mengi tulipokuwa tukimenya. Asili ya muhogo ni Amerika ya Kusini, na Wareno, ambao waliuleta pia Afrika, ndio walioufikisha India. Lakini kwa muda mrefu watu hawakuuamini, wakihofia sumu. Mfalme Visakham Thirunal, aliyetawala Travancore tangu mwaka 1880 hadi 1885, aliuhimiza sana ulimwe ili kukinga njaa. Husimuliwa kwamba aliamuru upikwe, akauandaliwa mezani mwake, akaula mwenyewe ili raia zake waondokane na hofu.

Ilipofika vita vya pili vya dunia, Travancore ilikuwa ikitegemea sana mchele wa Burma. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, na meli za mchele zikakoma. «Mama yangu alitulea kaka zangu na mimi kwa huu,» alisema mzee akiushika muhogo mkononi. Nikamkumbusha kwamba wazee wetu nao waliijua Burma hiyo. Askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipigana huko mwaka 1944, wakishuka bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Mzee aliinuka, akanipa mkono kijeshi.

Kwa hiyo muhogo uliwaokoa, lakini ukabaki na jina la umaskini. Ndivyo ilivyo kwetu pia. Hata hivyo mambo yanageuka. Mwaka 1963 Serikali ya India ilianzisha karibu na Thiruvananthapuram taasisi ya kuchunguza mazao ya mizizi, na siku hizi muhogo na samaki ni sahani inayoagizwa hotelini na watu wenye uwezo.

Jikoni kwa Ammachi

Kwa akina mama wasomao ukurasa huu, nieleze alivyoupika. Humenya, hukata vipande vidogo, huosha, kisha huchemsha kwa maji mengi bila kufunika chungu. Ukiiva, maji yale humwagwa yote. Hayanywewi wala hayapikiwi tena, kwa sababu ndiyo yanayoondoa ukali. Hukuna nazi kwa kifaa kilicho sawa kabisa na mbuzi wetu, akaisaga pamoja na manjano, kitunguu saumu, bizari nyembamba na pilipili mbichi. Hutia mchanganyiko huo katika muhogo, huongeza chumvi, huufunika kidogo, kisha huusonga kwa mwiko wa mti hata ulainike. Huliwa na samaki wadogo waliopikwa katika chungu cha udongo kwa pilipili nyekundu na tunda kavu jeusi lenye uchachu, liitwalo «kudampuli».

Siku ya tano majirani walikuja kusaidia kazi ya akiba. Walimenya gunia baada ya gunia, wakakata vipande, wakavichemsha nusu kuiva katika sufuria kubwa nje, wakavianika juu ya mwamba. Vikikauka huwa vigumu kama mawe, navyo huwekwa kwa miezi ya masika, ambayo kwao huanza Juni. Nikawaambia kwamba kwetu muhogo uliokaushwa huitwa makopa. Wakacheka sana, kwa kuwa wao huuita muhogo «kappa».

Nilipoaga, Ammachi alinipa mfuko wa kilo mbili wa makopa hayo, niupeleke kwa mama yangu. Niliubeba hadi nyumbani. Mama aliufungua, akanusa, akauliza, «Umevuka bahari yote hiyo kuniletea makopa?» Nikamsimulia habari yote, pamoja na lile jibu nililompa rafiki yangu. Hakucheka tena. Aliyaroweka usiku ule, na kesho yake akayapika kwa nazi.

Mchana huo jirani alibisha hodi. Nilimwona mama akikitazama chungu, kisha mlango. Halafu akaniambia nilete sahani nyingine.