Mjomba Aliyepanda Farasi Ngong

Kwetu, mwanangu, farasi hakuwa mnyama wa kuonekana. Mapori ya Kasulu na Kibondo yalijaa mbung'o wanaoua farasi, na tulichokijua sisi ni ng'ombe wa pembe ndefu na baiskeli. Farasi wa kwanza nilimwona Nairobi mwaka 1971, nilipomfuata mjomba wangu. Yeye alichukuliwa akiwa kijana na SILABU, ofisi iliyoandikisha vibarua wa mashamba ya mkonge, akapanda treni Kigoma kwenda kukata mkonge Tanga; baadaye akavuka mpaka kuingia Kenya, na ule ufupi wake uliochekwa na wanyapara ukamfikisha uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kwanza saisi, kisha joki wa kulipwa.

Alfajiri mazizi yalinuka nyasi kavu, mkojo na ngozi ya matandiko iliyolowa jasho. Mimi nilikunywa chai na andazi la senti kumi. Mjomba alisukutua maji akayatema. Alikuwa mfupi, lakini mifupa yake ilikuwa mizito. Wiki ya mbio alivaa sweta juu ya sweta, akakimbia mpaka mashavu yakabonyea. Joki hupimwa pamoja na tandiko lake kabla ya mbio, na akimaliza hupimwa tena. Aliye mwepesi huongezewa vipande vya risasi, aliyezidi uzito hujikosesha kazi. Ukutani alibandika picha ya Lester Piggott, Mwingereza aliyeshinda Derby ya Epsom mara ya tano mwaka 1970 akiwa juu ya farasi Nijinsky. Piggott alikuwa mrefu kuliko majoki wengi, akajinyima chakula miaka nenda miaka rudi. Mjomba alimwita ndugu yake.

Mwaka 1976 tulirudi Kasulu pamoja. Bibi alisonga ugali wa muhogo, akapika migebuka kwa mawese, harufu ikafika barabarani. Mjomba akamega matonge mawili, akanawa. Bibi alilia usiku kucha, akijua mwanawe karogwa; na mpaka leo naona uchungu kwamba mtu aliyeondoka kutafuta chakula alikuja kulipwa kwa kukaa na njaa. Yeye akarejea Nairobi, mimi nikabaki. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983.

Mjomba alirudi akiwa amevunjika mtulinga, bibi keshazikwa. Akalima maharage Kibondo, akala akashiba. Nilimuuliza kama angemruhusu mwanawe apande farasi. Akasema angemruhusu, ila kwanza angemshika mikono ampime mifupa. Mwenye mifupa mizito akatafute kazi nyingine.