Vikapu vya Mnada Katika Milima ya Upare

Ijumaa tulitoka Same, nchi kavu yenye mkonge na miiba, tukapanda njia ya Mbaga hata tukafika penye migomba na maji baridi. Tuliwakuta walimu na mpishi wao barazani mwa shule baada ya masomo, wakisokota nyuzi za katani mapajani na kusuka vikapu. Kusudi lao lilikuwa kumwezekea mjane mmoja nyumba yake kwa bati kabla ya mvua za vuli.

Kazi ya shirika si ngeni kwa Wapare. Ndiyo msaragambo, ambao kwa huo walichimba mifereji, na ndiva za kulimbikia maji ya mashamba.

Jumapili vikapu vilinadiwa nje ya kanisa pamoja na ndizi na mayai. Mtu alinunua kimoja, akakirudisha, kikanadiwa tena, hata mara tatu. Lakini wako waliotaka bei ya sokoni, wala hatukupendezwa: kikapu cha siku nne si ndoo ya plastiki. Tabitha wa Yafa aliwashonea wajane nguo. Hatusomi kwamba aliombwa apunguze.

Fedha zilipungua kwa mabati mawili. Jumatatu, tulipokuwa tukiondoka, walimu walikuwa barazani tena, wakisokota.