Sanduku la Hewa Limefika Nyamache

Najua nimekuwa kimya, na kuna waliodhani nimetupa kibodi. Sikuitupa. Nilikuwa nyumbani Nyamache nikichanganya zege. Mimi ni mtu wa programu, si fundi wa mafriji, kwa hiyo mafundi halisi mtakaopita hapa mnicheke polepole.

Mkasa wenyewe ni wa ndizi. Mama yangu na kina mama wenzake kumi wana chama. Kwa miaka mingi wamekuwa wakiuza mikungu mibichi kando ya barabara kwa bei ya dalali. Ndizi mbivu zina faida zaidi, lakini kuziivisha ndiyo kazi. Wamezoea shimo, majani ya mgomba na moto mdogo wa moshi. Moshi una ethilini, ile gesi ambayo tunda lenyewe huitoa likianza kuiva, kwa hiyo wazee hawakuwa wakibahatisha. Shida ni kwamba shimo halina usawa: za juu bado kijani, za chini zimeshakuwa uji.

Nikawaambia, kwa kiburi cha mtu wa Nairobi, kwamba tunaweza kuwa na chumba cha kuivishia kama vya wafanyabiashara wakubwa. Wakaniamini. Wakatoa akiba yote ya mwaka. Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Mtu atauliza, kipoza hewa Nyamache cha nini? Tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na usiku watu hulala na blanketi mbili! Ni kweli, ila hakuna anayelala mle. Hata ile mashine ambayo Willis Carrier aliisanifu mwaka 1902 kule Brooklyn haikuwa ya watu. Ilikuwa ya kiwanda cha uchapaji ambacho karatasi zake zilikuwa zikitanuka na kusinyaa kwa unyevu.

Na ndizi ni mteja msumbufu kuliko karatasi. Ikikaa chini ya nyuzi 13 hivi, ganda linageuka kijivu na haitaiva vizuri tena. Ikipata joto kupita kiasi inalainika ndani kabla ganda halijawa njano. Inataka nyuzi 16 hadi 18. Asubuhi ya mvua inaingia ya baridi, unatakiwa kuipasha. Siku mbili baadaye inaanza kuiva, inapumua kwa nguvu na kutoa joto lake yenyewe, sasa unatakiwa kuipoza. Kwa hiyo tulihitaji mashine inayofanya yote mawili.

Tulichonunua ni sanduku moja la mtumba linalokaa nje. Kompresa, feni na koili zote mbili zimo ndani yake, na gesi imefungwa humo tangu kiwandani. Ukutani yanapita mabomba mawili makubwa ya bati tu, mafundi wanayaita dakti: moja linapeleka hewa chumbani, jingine linairudisha. Niliipenda kwa sababu hiyo. Ile ya vipande viwili inahitaji mtu wa kuunganisha mabomba ya shaba na kujaza gesi papo hapo, na fundi wa gesi hadi atoke Kisii mjini.

Onyo moja kwa wanunuzi wa mitumba: soma kibati. Sanduku la kwanza nililoonyeshwa lilikuwa safi na bei nzuri, lakini limeandikwa hezi 60. Umeme wetu ni wa hezi 50. Mota yake ingezunguka kwa tano ya sita ya mwendo wake, na kwetu hewa tayari ni nyepesi karibu kwa moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Nililiacha.

Kulipeleka nyumbani kulikuwa sinema. Kilo karibu 190, pikapu imekwama kwenye udongo mwekundu chini ya kilima, mvua ya alasiri imeanza. Vijana wanane, magogo ya mikaratusi, na mzee mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kulaumu. Tulilikalisha juu ya jukwaa la zege lenye mwinamo kidogo upande wa maji, na pedi za mpira chini ya kila pembe. Bomba la kutoa maji tulilipinda kama herufi U ili maji yabaki humo, kwa sababu feni inavuta hewa na bila kizuizi hicho ingeyarudisha maji ndani.

Halafu ikaja sehemu niliyojidai naijua. Thamostati ya sanduku haikuwa na akili ya ndizi, nikatengeneza yangu kwa Arduino, vihisi joto vinne na rilei. Kompresa ikizimwa lazima ipumzike kama dakika tano ili shinikizo la gesi lisawazike. Ukiiwasha mapema inaanza kusukuma dhidi ya ukuta, inavuta umeme mwingi bila kuzunguka, inachemka. Nililijua hilo na nililiandika kwenye programu. Ila wakati wa majaribio mezani nilichoka kusubiri dakika tano kila mara, nikaweka thamani ya kuanzia inayoidanganya programu kwamba kompresa imeshapumzika. Nikasahau kuiondoa.

Mezani hakukuwa na tatizo. Nyamache umeme unapepesa. Kila ukipepesa, Arduino inaanza upya, inaamini kompresa imepumzika, inaiwasha hapo hapo.

Shehena ya kwanza iliingia ikiwa imeahidiwa kwa mnunuzi wa soko la Daraja Mbili. Nikarudi Nairobi kazini. Usiku wa tatu, saa nane na dakika arobaini, simu. Ni mama. (Kwetu mama tunamwita "baba" na baba ni "tata", kwa hiyo mke wangu alipoamka akanisikia nikiuliza "Baba, kuna nini?" alidhani mzee ameugua.)

"Hilo sanduku lako linanguruma, halafu tak, linanyamaza, halafu linanguruma tena. Taa zinafifia. Nimezima swichi kuu."

Nilimwomba asome kipimajoto cha mlangoni. Nyuzi 21, na zinapanda. Nilikuwa umbali wa mamia ya kilomita. Mwaka mzima wa akiba ya kina mama kumi na mmoja ulikuwa ukichemka gizani kwa sababu ya mstari wangu mmoja.

"Nje ni baridi," akasema. "Kwa nini nisifungue milango?"

Sikuwa nimefikiria hilo, naapa. Akafungua yote miwili. Kisha akaniambia kreti nimezibananisha vibaya. Kule kiwanda cha chai majani ya kunyausha hayarundikwi, hutandazwa ili hewa ya feni ipite katikati. Akawaamsha majirani wawili, wakazitenganisha moja moja kwa mwanga wa tochi. Alfajiri kipimajoto kilisoma 17.

Kreti nne za katikati tulizipoteza. Zilizobaki zilifika Daraja Mbili siku moja baada ya ahadi, na mnunuzi alikata bei kidogo.

Mstari ule nimeufuta. Sasa programu inasubiri dakika tano kila inapoamka, hata kama haijui kwa nini imeamka. Na lile tundu la kuingizia hewa ya nje, ambalo mimi mwenyewe nililiziba kwa utepe nikidhani linavujisha, nimelifungua na kulifungia mota ndogo. Nje kukiwa na baridi ya kutosha, feni inavuta hewa ya kilima na kompresa inalala. Usiku mwingi haiwaki kupoza kabisa. Hewa hiyo pia inatoa kabonidayoksaidi ya ndizi, ambayo ikijaa chumbani huchelewesha kuiva.

Shehena ya nne inaingia Jumatano. Mama amesema nikija nilete pedi nyingine ya mpira, ya pembe ya chini imeanza kupasuka.